Dakika za Wanawake Ulingoni

Kibanda tulichotazamia reslin, ile mieleka ya maigizo, pale Ukunda, Pwani ya Kenya, kilikuwa cha mabati ubavuni na makuti juu, kiingilio shilingi kumi, na mlangoni aliketi mama wa viazi karai. Usiku kucha hakuwa na wateja. Biashara yake ilimjia kwa mkupuo mmoja tu: wanawake walipoingia ulingoni. Hapo vijana waliinuka, huyu akaenda haja ndogo nyuma ya ukuta, yule akanunua viazi na ukwaju, na kabla mama hajamaliza kurudisha chenji, mechi ilikuwa imekwisha. Ikiwa ni kanda ya kukodi, mwenye kibanda hakungoja hata hayo. Alishika rimoti akawakimbiza wale dada wawili, wakaangushana na kuinuka mbiombio kama kuku waliotishwa, mpaka akamfikia mwanamieleka Undertaker.

Tuliliona jambo la kawaida. Mechi ni fupi, kwa hiyo tunatoka. Na huko Marekani waliopanga vipindi waliwaona wa kwao wakitoka vilevile, wakazidi kuzifupisha. Hakuna aliyejiuliza kipi kilianza.

Jumatatu, tarehe 23 Februari 2015, kampuni ya mieleka ya WWE ilirusha kipindi chake cha Raw kutoka Nashville. Raw ilikuwa ya saa tatu. Mapacha wa Bella waliingia kupambana na Paige na Emma; kengele ikalia, na baada ya sekunde 30 hivi ikalia tena. Piga hesabu: sekunde 30 katika saa tatu ni sehemu moja kati ya 360. Safari hii watazamaji hawakwenda kununua chochote. Walishika simu zao, na wito wa kutaka wale dada wapewe nafasi ukavuma Twitter kwa siku kadhaa, hadi mwenye kampuni, Vince McMahon, akajibu kwamba wamesikia. Katika siku hizohizo mwanamieleka wa kampuni hiyo, AJ Lee, alimwandikia hadharani Stephanie, bintiye McMahon. Stephanie alikuwa ametoka kumsifu mwigizaji Patricia Arquette kwa kudai usawa wa mishahara katika hafla ya Oscar. AJ alimkumbusha kwamba wanawake wa kampuni yake mwenyewe bidhaa zao zinauzika na watazamaji wanawapenda, ila malipo yao na muda wao hewani ni chembe tu ya wanachopata wanaume.

Msomaji wangu wa Msambweni ataniuliza: si mambo ya uongo hayo? Mshindi si anajulikana tangu mchana? Anajulikana. Ndiyo maana urefu wa mechi ni jambo zito huko kuliko ulivyo kwenye ngumi. Bondia akimlaza mwenzake kwa sekunde 30, sifa ni yake, konde lilifika. Katika reslin hakuna konde linalofika kwa bahati. Kuna mtu aliyeketi ofisini na karatasi akaandika: hawa dakika 20, hawa 12, hawa sekunde 30. Dakika za mwanamieleka hugawiwa kama nyama ya karamuni, na mwenye upawa anajua vyema nani kampa mnofu na nani kamwekea mchuzi.

Ninachojicheka nikikikumbuka kibanda kile ni kwamba sisi ni watu wa Pwani. Kukaa kitako na kuwatazama wanawake wakishindana si jambo tulilohitaji kufundishwa na mtu. Hapo ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Mombasa, katikati ya karne iliyopita, vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa miaka. Walishindana kwa sare, kwa karamu, kwa wingi wa watu, na zaidi ya yote kwa nyimbo za mafumbo ambazo upande wa pili ulilazimika kuzijibu. Mji uligawanyika. Huyu wa hawa, yule wa wale, na ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana kwa sababu ya ngoma. Yote hayo yalikuwa yamepangwa: sare zilishonwa mapema, nyimbo zilitungwa na kufanyiwa mazoezi kwa siri. Je, kuna aliyesema ni ya uongo? Kila mtu alijua ni mchezo, na kila mtu aliuchukulia kwa uzito wake.

Kisha ikaja taarabu ya mipasho. Miaka ya 1990, Dar es Salaam, Khadija Kopa alikuwa katika kikundi cha TOT na Nasma Khamis, yule wa Kidogo, alikuwa katika kikundi cha Muungano. Kanda zao zilivuka Horohoro na Lunga Lunga zikapigwa kwenye matatu na kwenye harusi zetu huku. Ukitaka kujua reslin ya wanawake ingekuwaje kama ingezaliwa Uswahilini, ni ile. Wawili, kila mmoja na jeshi lake la mashabiki. Mmoja anarusha dongo, mwingine anachukua muda wake kabla ya kulijibu. Na watazamaji wanainuka kwenda kutunza, noti juu, mwendo wa madaha, wakihakikisha mlengwa ameona. Wimbo mmoja wa namna hiyo hupita dakika kumi bila taabu. Watu hawakutoka kwenda haja ndogo. Aliyetoka angepitwa na ubeti wenye sumu, na kesho kisimani asingekuwa na la kusema.

Basi yule kijana aliyekuwa akitoka kibandani Ijumaa ndiye yuleyule aliyekuwa akikesha kwenye taarabu Jumamosi. Uvumilivu alikuwa nao. Kilichokosekana ni kitu cha kuusubiria. Mafumbo huhitaji muda ili yawive, na reslin ni mafumbo ya mwili: stelingi anapigwa, anapigwa tena, watu wanakata tamaa, adui anacheka, halafu mkono wa stelingi unatikisika. Hayo hayaingii katika sekunde 30. Ukimwonyesha mtu mwisho wa hadithi asiyoijua mwanzo wake, usimlaumu akienda kula viazi.

Wajapani walilijua hili mapema. Chama cha mieleka ya wanawake cha Japani, All Japan Women's, kilianzishwa mwaka 1968, na kwa masharti yake ungedhani ni bweni la shule ya wasichana: wanamieleka walikatazwa pombe, sigara na wanaume. Miaka ya 1980 wawili wao, Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, waliojiita Crush Gals, walipendwa kiasi cha kutoa sahani za santuri. Adui yao alikuwa Dump Matsumoto, mtu wa minyororo na rangi usoni. Na waliojaa kumbini walikuwa wasichana wa shule, wakilia machozi ya kweli Nagayo alipopigwa. Hapo ndipo palipo na tofauti na Ukunda. Kibanda chetu kilikuwa cha wavulana. Msichana aliyeonekana pale saa mbili usiku angetafutwa na kaka zake. Kwa hiyo tulichokiita matakwa ya watazamaji kilikuwa matakwa ya sisi tuliokuwa na ruhusa ya kutoka nyumbani baada ya magharibi.

Tarehe 7 Mei 1995, katika ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, Manami Toyota na Kyoko Inoue walipambana dakika 60 kamili wakatoka sare. Saa nzima. Nimeitazama mara mbili, na nakiri mara ya kwanza nilisinzia kidogo pale katikati, kama nisinziavyo kwenye mechi nyingi za wanaume. Lakini dakika kumi za mwisho zina uzito ambao hauwezi kupatikana kwa njia nyingine. Unaona miguu ikikataa. Unaona mtu akijaribu kuinuka na mwili ukimjibu hapana. Lau mechi ingekatizwa dakika ya 15, kila kitu walichofanya kingekuwa maridadi tu.

Lakini Wajapani haohao walikuwa wamepitiliza mwaka uliotangulia. Tarehe 20 Novemba 1994 walikodi Tokyo Dome wakaandaa onyesho la wanawake la takriban saa kumi, likamalizika usiku wa manane. Saa kumi! Hata arusi ya Kidigo ina kupumzika. Wingi wa dakika si heshima ukimchosha aliyekuja kukuheshimu.

Marekani ilipojirudi, ilijirudi kwa njia ya uchochoroni. Ilikuwa katika kipindi chake kidogo cha chipukizi, NXT, tarehe 7 Oktoba 2015, ndipo Bayley na Sasha Banks walipopewa dakika 30 zisizopungua: anayemlaza mwenzake mara nyingi zaidi kabla ya saa kulia ndiye mshindi. Bayley alishinda 3 kwa 2. Kinachokumbukwa zaidi ya hesabu hiyo ni pale Sasha aliposhuka ulingoni, akamfuata msichana mdogo aliyeketi mstari wa mbele, shabiki wa kutupwa wa Bayley, akampokonya utepe wa kichwani. Mtoto akaangua kilio. Ukumbi mzima ukamchukia Sasha kwa moyo mmoja. Kwa sekunde 30 huwezi kufanya hivyo. Huna hata nafasi ya kumtazama aliyeketi mstari wa mbele.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Aprili 2016, mkanda wa madiva, kama WWE ilivyowaita wanawake wake, uliokuwa na kipepeo wa waridi, uliwekwa kando, ukaja mkanda wa ubingwa wa wanawake. Na tarehe 7 Aprili 2019, huko New Jersey, wanawake walifunga onyesho kuu la WrestleMania kwa mara ya kwanza: Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey. Heshima ilikuwa kubwa, lakini saa haikuwahurumia. Onyesho lilikuwa refu mno, na walipoingia watu walikuwa wamechoka, usiku umegota saa sita. Kwetu huku ilikuwa Jumatatu asubuhi, saa moja imepita, mama wa mahamri ameshaosha karai. Walicheza kama dakika 21, na mwisho ukavurugika kidogo, kwani bega la Rousey lilionekana kuinuka refa akiwa bado anahesabu. Walipewa kiti cha heshima baada ya wageni kula.

Kuna kisa cha usiku huohuo ambacho sisi Waafrika tunakipenda. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alitwaa mkanda mkuu kutoka kwa Daniel Bryan katika mechi ndefu iliyowatoa watu machozi. Miezi sita baadaye, tarehe 4 Oktoba 2019, alipokonywa na Brock Lesnar kwa muda usiofika sekunde kumi. Kwa mara ya kwanza wavulana wa kibandani walionja walichokuwa wakionja wale dada miaka yote. Hakuna aliyesema Kofi ni dhaifu. Wote walielewa kwamba ni upawa uliopita juu ya sahani yake. Ilipofika tarehe 21 Agosti 2021, Las Vegas, na Becky Lynch akamlaza Bianca Belair kwa sekunde 26, lawama zilikuja bila kupigiwa baragumu. Miaka sita nyuma, mwanamke kupoteza kwa nusu dakika lilikuwa jambo la kila Jumatatu. Sasa lilikuwa tusi. Sekunde zilikuwa zilezile. Waliobadilika ni waliokuwa wakizihesabu.

Nitoke kwenye maigizo niingie kwenye damu ya kweli, maana hapa Kenya tuna kisa chetu. Bondia Fatuma Zarika, aitwaye Iron Fist, alikwenda Flint, Michigan, Oktoba 2016, akamshinda Alicia Ashley na kurudi na mkanda wa shirika la ngumi la WBC wa uzani wa super bantam. Desemba 2017 aliutetea Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Nilikutana na mashabiki wa ngumi waliolalamika kwamba raundi za wanawake zinakatika pale zinaponoga. Walikuwa sahihi, ila walimlaumu asiyehusika. Pigano la ubingwa la wanawake kwa kawaida ni raundi kumi za dakika mbili; la wanaume ni raundi 12 za dakika tatu. Dakika 20 dhidi ya 36. Dakika ya tatu ndiyo aliyechoka hukamatwa na mwenye pumzi humaliza kazi, na ndiyo aliyonyimwa Zarika. Kisha tunasema wanawake hawana konde la kulaza.

WBC hutoa sababu za kiafya, kwamba ni kulinda vichwa vya wanawake. Sibezi, ubongo si kitu cha kuchezea. Ila Amanda Serrano wa Puerto Rico alipigana raundi 12 za dakika tatu na Danila Ramos tarehe 27 Oktoba 2023, akashinda, na WBC ilipokataa kuukubali mfumo huo yeye akaurudisha mkanda wao. Alitaka achague mwenyewe. Kaunti yetu ya Kwale ilimchagua Fatuma Achani mwaka 2022, gavana wa kwanza mwanamke Pwani nzima, na sijasikia aliyependekeza muhula wake uwe wa miaka mitatu kwa ajili ya afya yake.

Kwenye mieleka ya Olimpiki, ambayo wanawake waliingia Athens mwaka 2004, jambo hili halina mjadala: vipindi viwili vya dakika tatu, mwanamume na mwanamke.

Mechi iliyozungumzwa sana katika nyumba za Pwani, ninavyokumbuka, haikuwa ya Marekani. Ilikuwa ya Riyadh. Aprili 2018 WWE ilikwenda Jeddah na wanaume watupu. Tarehe 31 Oktoba 2019, katika uwanja wa Mfalme Fahd, Natalya na Lacey Evans waliingia ulingoni, wanawake wa kwanza wa WWE kupambana Saudia. Walivaa nguo za kubana zilizowafunika mpaka viganjani, na fulana juu yake. Mechi haikufika dakika kumi. Natalya alishinda, kisha wakakumbatiana wakilia. Mfuatiliaji hodari atakwambia kwa ufundi ilikuwa mechi ya kawaida. Ni kweli. Lakini huku Kwale hakuna mtaa usiokuwa na binti aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na majina ya Riyadh na Jeddah yana maana nyingine vinywani mwetu. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo: kwa mara ya kwanza reslin ya wanawake iliweza kuachwa kwenye televisheni bibi akiwa sebuleni. Hakuna aliyekimbilia rimoti. Bibi alitazama, akauliza yupi ni mbaya, akaambiwa ni Lacey, akaanza kumlaani.

Februari 2022, Jeddah ileile iliyowafungia mlango ilitazama wanawake sita wakifungiwa katika tundu la chuma la Elimination Chamber. Bianca Belair ndiye aliyetoka mshindi. Yule wa sekunde 26.

Siku hizi vibanda vimepungua, vilivyobaki vinaishi kwa mpira wa Uingereza. Wasichana wa Ukunda na Msambweni wanatazama reslin kwenye simu, kitandani, bila kuomba ruhusa ya kaka. Hilo ni jema. Ila bando hula pesa, na ni wachache watakaotazama dakika 30 wakati vipande vya nusu dakika vinateremka bure mmoja baada ya mwingine: kuruka, kuanguka, kupokonya mkanda. Tumerudi kwenye sekunde 30 kupitia mlango wa nyuma, na safari hii wanaume nao wamekatwakatwa.

Uganda wamepata njia yao. Huko Mukono, Daniel Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, alianzisha Soft Ground Wrestling: ulingo wa udongo uliolowanishwa, nguzo za miti pembeni, wavulana na wasichana wakirushana matopeni huku majirani wamezunguka. Picha zao zimefika kila pembe ya dunia. Sisi hatuna ulingo wowote kuanzia Likoni hadi Vanga, lakini udongo laini tunao, tena mweupe, na wageni hulipa fedha nyingi kuja kuulalia Diani. Mieleka ya ufukweni ni mchezo rasmi wa dunia, pigano lake dakika tatu bila kubagua, na uliingizwa katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026. Waziri wa Michezo wa Kenya aliyeteuliwa Desemba 2024, Salim Mvurya, ni mwana wa Kwale na aliwahi kuwa gavana wetu. Simwambii afanye nini. Anaijua njia ya ufukweni.

Jioni moja nikitoka Msambweni niliwakuta wasichana wanne wa shule ufukweni, maji yameshuka, wamechora duara kwa kijiti. Wawili ndani, wawili nje wakihesabu kwa sauti kila mgongo ulipogusa mchanga. Waliokuwa ndani walishikana muda mrefu bila yeyote kuanguka, wakizunguka polepole, vitambaa vyao vimefungwa kichwani kwa nguvu. Wavuvi wawili waliokuwa wakivuta ngalawa walisimama kutazama. Mmoja alikuwa ameshika kamba ya nanga mkononi, na mpaka adhana ya magharibi iliposikika hakuwa ameifunga popote.